Sanda Haina Pindo

Bi Kuluthum Yeslam hanunui kitu ambacho hajakishika. Sabuni ataivunja ainuse, glavu ataivuta mpaka mwenye kuiuza afumbe macho, na ufagio ataufagilia mbele yako, hapo hapo kwenye sakafu ya ofisi yake, huku wewe umekaa na suti yako na kabrasha lako la maelezo. Wachuuzi wakubwa wanaovuka kutoka kisiwani Mombasa kuja kuiuzia Hospitali ya Chokaani humwogopa yeye kuliko wanavyomwogopa mganga mkuu. Wapo wanaosema ana maringo. Si maringo, ni malezi. Huyu ni binti wa duka la vitambaa, na mtoto wa dukani hufunzwa mapema kwamba mdomo wa muuzaji haushoni nguo.

Hospitali yenyewe ni ya serikali, iko upande wa Kisauni, ukishaipita Mjambere kidogo. Mpaka juzi juzi mgeni akiuliza njia aliambiwa: wewe fuata moshi. Nyuma ya wodi ya wazazi palikuwa na tanuri la kuchomea taka, na tanuri hilo halikujua likizo. Lilichoma sindano na bandeji, sawa, hizo ni haki yake. Lakini chakula chake kikubwa kilikuwa gauni za wagonjwa, zile za kuvaa mara moja ukatupa, nusu karatasi nusu nailoni, rangi ya samawati iliyopauka. Mzazi alivishwa moja akiingia, nyingine akishajifungua, nyingine ile ikichafuka, na zote zikaishia motoni. Katika nchi hii ukikutwa na mfuko wa plastiki mkononi unaweza kufikishwa kortini. Lakini hospitali ikinunua nailoni kwa marobota na kuichomea juu ya nguo za majirani zilizoanikwa, hiyo iliitwa usafi.

Na aliyezinunua gauni hizo miaka nenda miaka rudi alikuwa Bi Kuluthum huyu huyu. Zilikuwemo kwenye mkataba, bei yake ilionekana nafuu, zilifika kwa wakati, na yeye hakuona neno. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kisha mamake, Bi Ihsan, akalazwa pale pale Chokaani. Ulikuwa mwezi wa Februari, joto limekaza, umeme unakatika ukirudi unakatika tena. Bibi wa watu akavishwa ile ya samawati. Ilimganda mgongoni kwa jasho, na kila alipovuta pumzi ilitoa sauti, kwacha, kwacha, kama mtu anayekunja gazeti chumba cha pili.

"Kuluthum, nivue jamvi hili, mwanangu," alisema.

Alivuliwa, akavishwa jingine lile lile, maana halikuwapo la namna nyingine. Siku ya tatu akafariki. Kuluthum alimwosha pamoja na wanawake wa jamaa, akamkatia bafta kwa mkono wake mwenyewe, na alipoilaza juu yake ile pamba nyeupe, laini, yenye ubaridi, alilia kwa jambo ambalo hakumwambia mtu. Hiyo ndiyo ilikuwa nguo ya kwanza ya raha aliyovaa mamake tangu aingie hospitali.

Matanga yalipokwisha alirudi kazini na nia moja tu: nailoni itoke Chokaani.

Kamati ya ununuzi hukutana ghorofani, kwenye chumba chenye kiyoyozi. Siku ya kujadili gauni, wajumbe walikuta mlango umefungwa na karatasi imebandikwa: kikao kimehamia uani. Huko uani viti vilikuwa vimepangwa vizuri chini ya turubai, maji ya kunywa yapo, kaimati zimefunikwa kwa kawa. Na tanuri lipo, kando kidogo tu, linanguruma.

Daktari Felix Ngala, mganga mkuu, ni mtu mwema ambaye kitu anachokiogopa duniani baada ya Mungu ni wakaguzi wa hesabu. Alikaa, akakohoa, akapepea mkono mbele ya pua.

"Bi Kuluthum, hapa pana moshi."

"Kweli, Daktari. Ndio ununuzi wetu huo. Nimeona leo tuukaribishe kikaoni."

Akaanza kueleza, kwa ule mwendo wake wa kutokuwa na haraka. Gauni la pamba hufuliwa, huchemshwa, huvaliwa tena na tena. Likichanika hutiwa kiraka. Likichakaa kabisa huwa kitambaa cha kupigia deki. Hushonwa papa hapa Kisauni na watu ambao likikosewa unawaendea kwa miguu ukawaonyesha. La nailoni hununuliwa leo ili lichomwe leo, na kesho tunalinunua tena kama watu waliologwa. Hakuwa amefika katikati ya maneno yake, mhasibu tayari amejifunika leso ya mkono puani na anaitika kila sentensi. Kaimati hazikuguswa. Jaribio likapitishwa: wodi ya wazazi pekee, mpaka mwisho wa Juni, wakati bajeti ya mwaka mpya inapofungwa.

"Lakini nisikilize, mama," alisema Daktari Ngala huku anainuka. "Zikivaliwa, Julai tunazieneza wodi zote. Zisipovaliwa, nazirudisha za kutupa, na habari ya vitambaa sitaki kuisikia tena hapa maadamu mimi nipo."

"Zitavaliwa," alisema Bi Kuluthum, na akamfungia kaimati za kupeleka nyumbani.

Zabuni ilitangazwa kwa vikundi vya kina mama, kama sheria inavyoruhusu. Wengi waliojitokeza walikuwa madalali waliojifunga leso, kanga za kina mama, kwa siku moja, hata sindano hawana. Aliyeishinda alikuwa Dhahabu Kitsao, Mgiriama wa Kaloleni aliyeolewa Mjambere, kiongozi wa mafundi wa kike wenye chumba chao cha cherehani nyuma ya kanisa. Wenzake walileta maelezo yaliyochapwa vizuri, Dhahabu akaleta mshono. Bi Kuluthum aliuvuta, akaupinda, akauvuta tena, haukukatika.

Kazi hiyo Dhahabu hakuichukua bure bure. Ili aipate nafasi, kikundi kilikataa sare za shule za muhula wa pili, kazi ambayo ndiyo iliyowalisha kila mwaka.

"Tukianguka hapa, mamangu, tumeanguka na cherehani zetu," alimwambia Bi Kuluthum.

"Hatuanguki."

Kitambaa Bi Kuluthum alikichagua mwenyewe, kwenye duka la marehemu babake kisiwani ambalo sasa analo nduguye. Alichomoa uzi akauchoma, akanusa majivu. Alifikicha pembe kutazama kama ina wanga. Aliinua kila jora kwenye mwanga wa mlango. Mwisho wa yote, akachagua bafta. Hapana pamba inayoshinda bafta njema kwa joto letu: hunyonya jasho, hustahimili kuchemshwa, na weupe wake huonyesha uchafu kabla haujawa maradhi. Vifungo alivikataa, maana mashine ya kufulia ya hospitali huvitafuna. Badala yake gauni lingefunguka mbele, muuguzi apate kumpima mzazi na mzazi apate kunyonyesha, na lifungwe kwa vikamba vya bafta ile ile, vitatu: shingoni, kiunoni na magotini. Kila uamuzi ulikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa ya haki.

Dhahabu alipokabidhiwa jora na mchoro alivitazama kwa muda. Akafungua mdomo, akamtazama Bi Kuluthum usoni, akaufunga.

"Kuna nini?" aliuliza Bi Kuluthum.

"Hakuna, mamangu. Tutashona."

Wakashona. Zikaletwa, zikafuliwa, zikapangwa kabatini mwa wodi ya wazazi, nyeupe pe, zimenyooka. Bi Kuluthum akangoja sifa.

Hazikuja. Wiki ya kwanza alimpigia simu Sista Eddah, mkuu wa wodi ile, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha ambaye hajawahi kukosa neno. Siku hiyo alilikosa.

"Hawazivai sana, Bi Kuluthum."

"Kwa nini?"

"Wanapenda leso zao tu. Unawajua kina mama."

Wiki ya pili aliambiwa kwamba gauni linawapa baridi. "Baridi?" aliuliza Bi Kuluthum. "Mombasa hii?" Ya tatu aliambiwa ni refu. Ya nne, kwamba kuna mmoja aliyelivaa, lakini mumewe alipokuja alimvua. Kila aliyemuuliza alikuwa na jibu, na hakuna majibu mawili yaliyofanana. Watu wakikupa sababu nyingi hivyo, mwanamke aliyelelewa dukani hujua kwamba ile moja yenyewe imefichwa chini ya meza. Na Daktari Ngala naye alimpitia ofisini, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema kwa upole kwamba wodi ya wazazi imeomba katoni za nailoni.

Basi akashuka mwenyewe. Ilikuwa alasiri, saa ya kutazama wagonjwa, mvua ya masika imepiga ikaacha. Wodi ilijaa leso za kila rangi. Kila mzazi amejitanda yake ya nyumbani, na zile gauni nyeupe zimekunjwa kwenye miguu ya vitanda, hazikuguswa. Isipokuwa kitanda cha dirishani. Pale alilala msichana mmoja, Faith, aliyejifungua tangu asubuhi kwa taabu kubwa. Muuguzi mgeni kutoka bara alikuwa amemvisha gauni kama alivyoagizwa na akamfunga vikamba vyote kwa uangalifu. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake kidogo. Mama mtu usingizi wa uchovu ulikuwa umemchukua chali, mikono ubavuni, uso umepauka.

Bi Kuluthum alisimama. Alimwona mamake.

Kabla hajajua afanye nini, aliingia mavyaa wa yule msichana, mama wa mumewe, Kafedha, mwanamke wa makamo mwenye kikapu cha uji. Kafedha hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akaenda moja kwa moja kitandani, akafungua kikamba cha shingoni, kisha cha kiunoni, kisha cha magotini. Alivifungua kwa haraka ya mtu anayezima moto, kisha akaichomoa leso yake mwenyewe mabegani akamfunika mkaza mwanawe mpaka kidevuni.

"Huyu amekuja kuzaa," alisema bila kumtazama mtu. "Hakuja kwenda huko."

Hakusema huko ni wapi, na Bi Kuluthum hakuhitaji kuambiwa. Kichwani, katikati, miguuni. Alikuwa amevifunga vifundo hivyo hivyo kwa mikono yake mwezi wa Februari, kwa bafta ya jora lile lile, duka lile lile. Dukani bafta ni bidhaa. Alikuwa ameipima kwa yadi tangu utoto, leo kwa bitana ya kanzu, kesho kwa foronya, kesho kutwa kwa maziko, na haikumtisha hata mara moja. Kwa mamake ilikuwa rehema. Lakini kwa kila mtu mwingine wa pwani hii, wa msikiti na wa kanisa, nguo nyeupe ya bafta iliyofungwa kwa vifundo vitatu ina jina moja, na mwenye mimba hata kulitaja hataki.

Alimvuta Sista Eddah kando.

"Mbona hamkuniambia?"

"Ungeambiwaje, Bi Kuluthum?" Eddah alikuwa karibu kulia. "Umetoka kumzika mama. Nani aanze kukutajia neno hilo?"

"Dhahabu alijua?"

"Sote tulijua. Hata mlinzi wa getini alijua."

Aliona haya, haya ya kweli, masikio yakawaka moto. Na chini ya haya palikuwa na hasira kidogo, kwa nafsi yake na kwa adabu yetu hii ya pwani, adabu ya kumwacha mtu atumbukie shimoni kwa sababu si heshima kumkata kauli. Lakini si mwanamke wa kukaa kitako na haya zake. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alichukua gauni moja, akalitia mkobani, akaenda Mjambere jioni ile ile.

Cherehani zilikuwa zinaenda. Alisimama katikati ya chumba, akalifungua gauni, akalinyoosha mbele ya wote.

"Dhahabu, mwenzangu," alisema, "mimi nimewashonesha sanda."

Cherehani zote zilinyamaza. Mafundi walitazama chini. Kisha mmoja akacheka puani, mwingine akamshika mkono amzuie naye akashindwa, na chumba kizima kikaangua kicheko mpaka watu wakashika mbavu, Bi Kuluthum akiwamo, huku machozi yanamtoka, na ya nini hasa hata yeye hangeweza kukuambia.

"Tuliona, mamangu," alisema Dhahabu alipopata pumzi. "Tulikuwa tukishona huku twaomba Mulungu."

"Sasa tuache kuomba, tufikiri. Sanda huifanya sanda nini? Weupe? Bwana harusi huvaa kanzu nyeupe."

"Vile vikamba," alisema Dhahabu.

"Vikamba tutavitoa. Tutie viwili vya rangi, vifungwe ubavuni. Na nini tena?"

Bi Kuluthum alipitisha vidole kwenye upindo wa gauni, uzi mweupe juu ya nguo nyeupe, mwembamba kiasi kwamba ukiwa mbali huuoni. Vidole vyake vilikumbuka. Sanda hukatwa, haipindwi. Makali yake huachwa vile vile yalivyo, kwa kuwa anayeivaa hana safari ya kuichakaza. Mwenye uhai ndiye anayehitaji pindo. Alijivua leso mabegani, akaulaza ukingo wake wenye rangi juu ya ukingo wa gauni, na papo hapo kila mtu chumbani akaona nguo nyingine.

"Sanda haina pindo," alisema. "Hii tuitie pindo, tena pana, la leso. Alione hata kipofu."

"Leso mpya huchuja," alisema Dhahabu. "Zikichemshwa mara moja hizo, hospitali nzima itavaa waridi."

"Nani kasema mpya? Leso kuukuu ishachuja ikamaliza. Na leso huchanika wapi kwanza?"

"Kwenye mji wake, pale katikati."

"Pindo hubaki zima. Kila nyumba ya Kisauni ina leso iliyokufa katikati, pindo lake li hai. Twaenda kuziomba."

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Daktari Ngala kabla hajavua koti. "Nimekosea," alimwambia wima wima. "Kitambaa ni kile kile, kazi ni ile ile, mshono ndio unabadilika: tunatia pindo la leso kuukuu. Kosa ni langu, liandike kwa jina langu."

Daktari alizoea watu wanaoleta makosa yakiwa yamefungwa katika maelezo marefu. Hili lilikuja uchi. Aliuliza tu leso kuukuu zinaingia kwa kanuni ipi ya ununuzi.

"Kanuni ya msaada, Daktari. Ipo. Nimeisoma."

"Umebakiwa na mwezi mmoja."

"Watosha."

Leso zikaja. Kanisa la kina Dhahabu likatangaza Jumapili, madrasa ya jirani na Bi Kuluthum ikatangaza Ijumaa, na mvua ikinyesha hivyo hivyo watu wakaleta marundo. Bi Kuluthum naye alifungua kasha la mamake. Alitoa leso ambayo Bi Ihsan aliivaa mpaka katikati ikawa wavu, nyekundu ya damu ya mzee yenye michoro ya korosho nyeusi ukingoni. Aliinusa, akaona bado ina udi, akaumia. Kisha akaipeleka kwa mafundi pamoja na nyingine bila kusema ni ya nani.

Sista Eddah, aliyekuwa amerudiwa na sauti yake, alizichemsha gauni za kwanza kwa mkono wake mwenyewe, mara ya pili, mara ya tatu, anatafuta rangi majini kama mtu anayetafuta kosa kwa mke mwenza. Maji yalibaki meupe.

Zilivaliwa. Hakukuwa na tangazo wala semina. Mzazi wa kwanza alifungua kabati, akaona mapindo ya kila namna yamepangwa, akachagua. Wa pili akauliza kama lile la kijani lina mwenyewe. Baada ya siku chache wauguzi wakawa wanaamua ugomvi: huyu alilitaka la njano, yule amelikalia. Katoni za nailoni zilizoombwa zilikaa stoo na vumbi lake, na tanuri likaanza kuzimwa mchana.

Hapo ndipo lilipozuka jambo jingine. Juni inaelekea ukingoni, Eddah alihesabu gauni zake akaona zimepungua. Akahesabu tena, zikawa zimepungua zaidi. Bi Kuluthum aliposikia hakulala vizuri. Alimjua Daktari Ngala na wakaguzi wake: kitu kisichovaliwa ni hasara, lakini kitu kinachopotea ni kesi. Kikao cha mwisho kilikuwa kesho yake.

Asubuhi ya kikao alikuwa akienda kazini kwa miguu, anakata njia za ndani za Mjambere kama kawaida yake, alipoona waya wa nguo nyuma ya nyumba moja. Palikuwa na nepi, palikuwa na shati la mwanamume, na baina yake gauni jeupe lenye pindo jekundu na korosho nyeusi. Miguu ilisimama yenyewe. Pindo la mamake hangeweza kulikosea hata gizani.

"Hodi."

"Karibu." Aliyetoka alikuwa Kafedha, mtoto mchanga begani. Alimwona mgeni, akauona waya, akatazama juu kama anayesubiri mvua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mtoto hajambo? Na Faith?"

"Hawajambo wote. Faith alirudi huko kulazwa siku mbili, homa ya maziwa. Imekwisha."

"Alhamdulillahi. Na nguo hii, mama, waijua?"

Kafedha alimpigapiga mtoto mgongoni. "Ilikuja na mtoto," alisema.

Bi Kuluthum alijitahidi asicheke. "Wewe si ndiwe ulomfungua Faith vile vikamba siku ile? Leo umeibeba mpaka nyumbani."

"Ile ilikuwa nguo ya kupelekwa," alisema Kafedha, na sasa alimtazama machoni. "Hii ni nguo ya kurudi nayo."

Bi Kuluthum aliligusa pindo, mshono umeshika, rangi haijatoka. Lilinuka sabuni na mafuta ya nazi ya mtoto. Tangu Februari hakuwa amesikia furaha iliyomjaa hivyo kifuani, na aliiacha imjae.

"Naitaka, mama. Kuna mwenziwe Faith yuaingojea."

"Chukua. Ila nyingine nitaipata wapi?"

"Mwambie mkaza mwanao azae tena."

Alifika kikaoni amechelewa, jambo ambalo halijawahi kuonekana. Safari hii walikuwa ghorofani. Daktari Ngala alikuwa ameanza.

"Zinavaliwa, mama, nakubali," alisema, na alisema kwa huruma. "Lakini zinaibwa. Nitawaambia nini wakaguzi?"

Bi Kuluthum alilifungua gauni mkobani, bado lina unyevu wa waya, akalitandaza juu ya meza mbele yao.

"Hili nimelitoa kwa mwizi asubuhi hii. Daktari, zile za nailoni ziliwahi kuibwa?"

"Nani aibe takataka?"

"Na zile zangu za kwanza, nyeupe tupu?"

Kila mtu pale alilijua jibu, na kila mtu alikuwa na adabu. Bi Kuluthum akawapunguzia mzigo.

"Nani aibe sanda?" alisema.

Mhasibu ndiye aliyeanza kucheka. Daktari Ngala alivua miwani, akacheka mpaka akalazimika kuifuta. Alipotulia alilishika pindo, akalivuta kama alivyomwona Bi Kuluthum akifanya mara nyingi, na halikulegea. Kisha akasema gauni zote zipigwe mhuri mkubwa wa hospitali mgongoni, na mzazi asiruhusiwe kutoka kabla gauni halijarudi mkononi mwa Sista Eddah.

"Utapigwa," alisema Bi Kuluthum. "Na katika oda mpya nimeongeza chache za ziada."

"Za nini?"

"Za kuibwa. Eddah ni mmoja, na mavyaa ni wengi."

Daktari akatia sahihi. Wodi zote, kuanzia Julai. Dhahabu alipopigiwa simu, cherehani zikivuma nyuma yake, aliuliza za wanaume zitiwe pindo gani.

Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, Bi Kuluthum alipita wodi ya wazazi. Gauni la korosho lilikuwa limeshachemshwa, likakauka, likachukuliwa. Alikuwa amelivaa msichana mmoja asiyemjua, wa kitanda cha dirishani, amelala ubavu, mtoto kwapani. Umeme ulikuwa umekatika na feni zimesimama. Bi Kuluthum alisimama karibu na kitanda, akategea sikio. Yule msichana alivuta pumzi, akaishusha, akavuta tena, kifua kinapanda na kushuka, na nguo haikutoa sauti hata moja.